Mikono Thelathini

Mwanamume hana shughuli katika uchochoro wa hina kule Suq Mugdi, soko la Garissa. Akipita, hupita mbio, macho chini, kama mtu aliyekosea njia akajikuta nyuma ya bafu la wanawake. Kwa hiyo siku ile ya Mei, kijana mmoja mrefu aliposimama katikati ya uchochoro, begi mgongoni, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, akaanza kuuliza bei ya pakiti nyeusi za piko, ile rangi ya kuchorea mabibi arusi, soko zima liligeuza shingo.

"Unampaka nani, warya, we kijana?" muuza ubani akamrushia. "Ama bibi arusi ni wewe mwenyewe?"

Kicheko kikatambaa meza kwa meza. Mwingine akanong'ona kwamba huyu ni wa serikali, amekuja kunyang'anya watu bidhaa, na mara shuka zikaanza kufunika meza. Kijana akatoa kitambulisho, akakiangusha, akainama kukiokota, akagonga kichwa kwenye meza ya udi. Hapo hata waliokuwa wamenuna walicheka.

"Mwacheni," sauti ikasema nyuma yake. "Huyu hata akitumwa kuiba ataomba risiti."

Aliyesema ni Ilhan, mchora hina wa mabibi arusi. Alikuja kununua karafuu na mafuta ya mkaratusi, na alikuwa amevaa dirac, gauni pana jepesi, ya rangi ya papai, mtandio wa garbasaar mweusi umeteleza begani, vidole vya mkono wa kulia vimekolea wekundu wa hina kama vya mtu aliyechuma zambarau tangu utotoni. Mji mzima ulivijua vidole hivyo. Kuanzia mjini mpaka mtaa wa Bulla Iftin, bibi arusi ambaye hakukaa kwenye zulia la Ilhan alikuwa kama hajaolewa vizuri.

Na alikuwa na mwiko wake mmoja: ua la mmoja halivaliwi na mwingine. Kila bibi arusi alichorewa lake, na ukimletea picha ya mkono wa binamu yako ukamwambia "nifanyie kama hii," atakumiminia chai, atakupa biskuti, kisha atakuonyesha mlango. Ndiyo maana wanawake wa Garissa waliweza kumtambua mtu kwa mkono tu, uso umefunikwa: huyu ni wa kina Nunow, ana mkia wa tausi, yule ni binti wa Jelle, ana miba mitatu kwenye kiganja.

"Unataka piko ya nini?" Ilhan alimuuliza.

"Utafiti. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne, Nairobi. Naitwa Keynan. Kwetu ni hapa hapa."

"Na huko Nairobi hakuna magonjwa?"

"Huu ni mradi wa kujichagulia, abaayo, dada yangu. Unarudi popote unapotaka, unajitungia swali, unajiandikia kanuni, unajitafutia wagonjwa. Hakuna mwalimu wa kukushika mkono."

"Kwa hiyo mkono umekuja kuutafuta kwetu."

Keynan akawa mwekundu kuliko vidole vya Ilhan. Akamweleza, akigugumia, kwamba anachunguza ngozi za mabibi arusi: kwa nini wengine huvimba na kutoa malengelenge baada ya harusi. Alihitaji mikono thelathini iliyovimba ndani ya wiki kumi. Isipotimia, atarudia mwaka mzima.

Ilhan aliyajua malengelenge hayo. Kila msimu yalikuwapo. Watu walisema ni jicho la wivu, wengine ni joto, wengine ni bibi arusi aliyekataa kutulia. Yeye piko aliinunua pale pale wanaponunua wote, miaka sita sasa, na aliipenda kwa sababu mabibi arusi waliipenda: nyeusi tii, inakauka upesi, haisubiri usiku kucha kama hina ya majani.

"Nitakupeleka kwao," alimwambia. "Bila mimi hakuna mlango utakaokufungukia. Lakini sikia. Kama ni kitu ninachopaka mimi, utaniambia?"

"Wewe ndiye wa kwanza kujua," Keynan akasema. "Wallahi."

Mashahidi walikuwapo, uchochoro mzima.

*

Saluni ya Ilhan ilikuwa chumba kimoja chenye zulia, feni mbili na watu kumi na tano hata siku isiyo na harusi. Saynab, msaidizi wake, alikuwa na ulimi wa kupasua mawe, na Keynan alipoanza kuja na daftari lake hakumpa nafasi ya kupumua.

"Daktari amekuja kupima mapigo ya moyo. Ya nani, hasemi."

"Nimekuja kupiga picha mikono, Saynab."

"Basi mbona kamera inaangalia uso wa mchoraji?"

Wanawake wakapiga makofi. Ilhan akainamisha kichwa kwenye kiganja alichokuwa akichora, lakini mstari ukapinda kidogo, na Saynab aliuona.

Simu ndizo zilizomaliza kazi ya kumteka Ilhan. Keynan alipiga asubuhi, alipiga adhuhuri, alipiga akiwa njiani.

"Macaanto, mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekunywa chai ya maziwa ya ngamia kwa mama mmoja aliyeniambia nimekonda, nioe haraka."

"Alikwambia uoe nani?"

"Hakutaja jina. Alisema tu awe na mkono mwepesi."

"Mkono wangu mzito. Muulize aliyewahi kupigwa nao."

Ilhan alimpeleka nyumba kwa nyumba, kwa wale walioolewa miezi iliyopita na makovu bado yapo. Alikaa pembeni wakisailiwa, akawabembeleza wenye haya, akawashika mabega. Katika wiki mbili za kwanza daftari likawa na mikono kumi na tisa. Pakiti tatu za piko alizozitoa kwenye kabati lake mwenyewe zilikwenda Nairobi kupimwa.

Mwisho wa wiki ya pili Keynan alikuja na zawadi: dirac ya hariri, kijani ya majani machanga baada ya mvua, imekunjwa kwenye karatasi ya dukani. Saynab akaifukiza unsi, ubani wa nyumbani, papo hapo ili isikae bila baraka.

"Majibu ya zile pakiti?" Ilhan akauliza.

"Bado. Kule maabara kuna foleni." Akafungua daftari ukurasa mweupe. "Nionyeshe kitu. Ua lako wewe. Siku yako ya harusi, utajichora nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akachukua kalamu, akachora polepole: mkufu wa matone unaoshuka kutoka kifundo cha mkono, ukigawanyika kama mto unapokauka, kila tawi likiishia kwenye ncha ya kidole. Alikuwa akilibeba kichwani tangu ana miaka kumi na saba.

"Hili hakuna aliyeliona," alimwambia. "Likionekana, limekufa. Unaelewa?"

"Limekaa kwangu," Keynan akasema, akafunga daftari.

*

Msimu wa harusi uliendelea kama misimu yote. Wiki ya tatu, bibi arusi mmoja akavimba. Ya nne, wawili. Ilhan alipiga simu mwenyewe kumwita Keynan, na Keynan alikuja na dawa ya kupaka, akawahudumia kwa upole mpaka wazazi wakamwombea dua. Akapiga picha. Akaandika.

"Ni nini hiki lakini?" Ilhan akamuuliza, safari moja wakitoka. "Nikiwapaka siku hizi nawaza nani atafuata."

"Ni joto, malkia. Usijitese. Nikimaliza hesabu nitajua vizuri."

"Umefika ngapi?"

"Ishirini na sita." Akatabasamu. "Ikifika thelathini, nawaleta wazee wangu kwa Eeddo Rukiyo."

Eeddo Rukiyo, dada ya marehemu baba yake, ndiye aliyemlea Ilhan na mdogo wake Samsam. Basi Ilhan akaanza kuhesabu mikono iliyovimba kama msichana anayehesabu siku za Idi. Mungu amsamehe, kila ulipopatikana mwingine, sehemu ndogo ya moyo wake ilipiga kigelegele.

Wiki ya kumi ikawa zamu ya Samsam.

Samsam alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa chekechea, mwenye kicheko kinachofika chumbani kabla yake. Aliozwa kijana anayeitwa Gelle, mwenye duka la vipuri. Saluni ilijaa siku hiyo hadi watu wakakaa mlangoni na viatu mikononi. Ilhan alimchorea mdogo wake mchoro mkubwa kuliko wote, mbawa za ndege hadi kwenye viwiko, piko tupu, pakiti mbili nzima.

Keynan alifika kupiga picha ya kabla. Samsam akamnyooshea mikono, vidole vimetanuka.

"Shemeji, nitoe vizuri. Hii ndiyo itakayoning'inia hospitali."

Keynan alishusha simu. Akamtazama Samsam, akatazama bakuli la piko, akafungua mdomo.

"Samsam..."

"Nini?"

Feni zilizunguka. Watu ishirini wakangoja.

"Hongera," akasema, akapiga picha.

Siku ya pili mikono ilivimba. Ya tatu ikapasuka. Malengelenge yalifuata mistari ya mchoro, unyoya kwa unyoya, kana kwamba mtu amemchora upya kwa maji ya moto. Hospitalini pete ya dhahabu aliyovishwa na Gelle ikakatwa kidoleni kwa msumeno mdogo, na mama mkwe aliyesimama pale akageuza uso, kwa sababu pete iliyokatwa ni mkosi kwa ndoa. Sherehe ya wanawake ikavunjwa, mbuzi wakarudishwa zizini. Usaha uliingia ndani, na ulipotoka, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikataa kujikunja. Chaki aliyopewa kujaribu ikaanguka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto. Kile kicheko kinachomtangulia kilibaki nje ya mlango na hakijaingia tena.

Keynan alikesha naye. Alibadilisha bandeji kwa mikono yake mwenyewe, akamlisha uji kwa kijiko.

"Ni joto," aliwaambia. Na Ilhan, kwenye kiti cha plastiki, alimpenda kuliko siku yoyote.

*

Alhamisi iliyofuata Keynan aliusoma mradi wake katika ukumbi mmoja wa mkutano pale mjini, mbele ya wauguzi na maofisa. Wazee wake walikuwa wameshapangiwa Ijumaa, baada ya swala.

Picha alizionyesha kwenye ukuta. Nyuso hakuziweka, alijua adabu ya utafiti, siri ya mgonjwa ni amana. Mikono tu, thelathini, kila mmoja na namba yake. Ni mwanamume pekee, tena mwanamume wa Garissa ambaye hajawahi kukaa kwenye zulia, anayeweza kuamini kwamba mkono hauna jina.

Muuguzi mmoja akapiga picha za ule ukuta, akazitupa kwenye kundi la wanawake la WhatsApp. Chai haijachemka, mji ulikuwa umeshasoma. Huyu ni wa kina Nunow. Huyu binti wa Jelle, kumbe alituambia ni maji ya moto! Huyu, uwii, si ni mke wa yule, na mumewe aliambiwa ni kuungua na mafuta? Na zote, zote thelathini, ni kazi ya nani? Saa kumi jioni mabibi arusi wanne walikuwa wamepiga kuvunja miadi. Wa tano hakupiga. Alikuja mama yake, akasimama mlangoni, akamtazama Ilhan, akatema mate, akaondoka.

Saynab ndiye aliyempa simu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na neno.

Ilhan alipitisha picha moja moja. Ya kwanza kabisa, ya jalada, haikuwa na mkono. Ilikuwa na jina la mradi na jina la Keynan, na pembeni, kama pambo, mkufu wa matone unaoshuka kama mto unapokauka. Ua lake. Watu mia mbili na hamsini walikuwa wameliona, na mmoja alikuwa ameandika chini yake: *kapambo kazuri, nani ana picha yake kubwa?*

Hata hilo angelimeza. Ni picha ya mwisho isiyomezeka. Jedwali, na mstari mmoja: *Wiki ya pili: majibu ya maabara. Pakiti zote tatu zina kemikali ya rangi ya nywele, kwa kiwango cha kuunguza ngozi.*

Wiki ya pili. Dirac ya kijani. *Kule maabara kuna foleni.*

Wakati huo Keynan alikuwa na mikono kumi na tisa. Ilhan alihesabu iliyobaki kwa vidole vyake, vikaisha, akaongeza kimoja. Cha kumi na moja kilikuwa Samsam.

Simu ikalia.

"Macaanto! Wamepiga makofi! Profesa alikuwa anasikiliza kwa simu kutoka Nairobi, anasema ni kazi bora. Thelathini kamili!"

"Keynan. Wiki ya pili ulikuwa unajua?"

"Nani amekuonyesha?"

"Sikuuliza hilo."

"Sikia, malkia. Ningekwambia ungeacha kupaka piko. Ukiacha, sipati wagonjwa. Utafiti haukatizwi katikati, kuna kanuni. Na sasa tumejua, wengine wote wataokoka. Fikiria hao."

"Na Samsam?"

"Samsam nilimuuguza kwa mikono yangu."

Ilhan akatazama ukutani, ilikotundikwa ile dirac, bado inanukia unsi.

"Kesho waje wazee," alisema taratibu. "Usiwazuie."

"Kwa hiyo hujakasirika?"

"Njoo tu."

*

Ijumaa nyumba ya Eeddo Rukiyo ilifurika. Wanaume sebuleni, wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Waliokuja kwa heri walikuwa wachache. Wengi walikuja kuona. Ami yake Keynan, Mzee Mohamednoor, mfugaji wa ngamia mwenye ndevu za hina, aliomba mkono wa binti kwa maneno marefu yenye mvua na malisho ndani yake. Mambo ya simu za wanawake hakuyajua. Kwa desturi akamaliza kwa kuuliza: binti anataka mahari gani? Haki ni yake, na ataje mwenyewe.

Eeddo Rukiyo akainuka apeleke jibu. Ilhan akamshika nguo, akasema mwenyewe, kupitia pazia, na chumba kizima kikaacha kutafuna.

"Ami, sitaki ngamia. Nataka nyumba kumi na moja. Kijana wako aende kwenye kila moja, kwa miguu, asimame mbele ya mwenye nyumba na aseme: niliijua sumu ya piko kabla binti yenu hajapakwa, nikanyamaza, nilikuwa nahitaji mkono wake. Akimaliza ya kumi na moja, mimi ni mke wake siku hiyo hiyo."

Mzee akageuka. "Keynan? Maneno gani haya?"

"Ami, ni mambo ya kitaalamu..."

"Ulijua, ama hukujua?"

"Nikisema hivyo barabarani, chuo kikisikia watanifuta. Miaka minne, ami!"

"Aende ya kwanza tu," Ilhan akasema. "Ya kwanza iko karibu."

Pazia likasogezwa. Samsam alisimama pale, uso umefunikwa, mikono wazi. Mbawa zilikuwa bado zinaonekana, rangi ya waridi mbichi.

"Nilitaka kukwambia," Keynan akamwambia. "Siku ile. Nilitaka. Lakini kanuni za utafiti zinasema majibu yasitolewe kabla ya..."

"Kanuni za nani?" Mzee Mohamednoor akauliza.

Keynan akatazama zulia.

"Nimekuuliza. Ziliandikwa na nani? Serikali? Chuo?"

"Zangu," akasema. "Niliziandika mwenyewe."

Mzee akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, akavikosa, akaondoka pekupeku. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Keynan alibaki amesimama mbele ya Samsam, mdomo wazi kama siku ile ya picha, na neno likakataa kutoka kama lilivyokataa siku ile. Akaokota begi. Kesho yake asubuhi alikuwa amevuka daraja la Tana, anaelekea Nairobi.

*

Novemba Keynan alipiga simu. Saluni ilikuwa imeanza kujaa tena, si kama zamani, lakini Saynab alikuwa amerudiwa na ulimi. Kila bibi arusi siku hizi alikuja siku mbili mapema, akapakwa tone moja nyuma ya sikio, akangoja kuona kama ngozi itavimba. Piko haikuwapo tena. Hina ya majani tu, ya kusubiri usiku kucha.

"Ilhan. Usikate. Nimefaulu. Mradi wangu umekuwa wa kwanza. Nimewashukuru wachoraji wa Garissa kwenye ukurasa wa mwisho."

"Hongera," Ilhan akasema. Neno alilichagua, lile lile la siku ya picha.

Keynan akaongea haraka. "Nikipata cheti nitarudi. Hakuna wa kunifuta tena. Nitaenda nyumba zote kumi na moja, naapa. Mahari yako ninayo."

"Imeshalipwa."

"Na nani? Umeolewa?"

"Na mimi. Nilikwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na bakuli la hina. Nilisema mikono iliyowapaka ni hii. Mbili walinifungia mlango. Moja walinimwagia maji. Ya kumi na moja ni hii ninayolala mwenyewe."

"Ilhan... basi umenisamehe?"

Mbele yake bibi arusi alikuwa amemnyooshea kiganja, kisafi, kinangoja. Samsam alikaa pembeni akisaga majani kwa mkono wa kushoto.

"Ulihitaji mikono thelathini, Keynan, ukaipata," Ilhan akasema. "Wangu ni wa thelathini na moja. Haukutoa malengelenge, ndiyo maana hukuuandika."

Akampa Saynab simu aizime, akashika koni ya hina. Ua alilomchorea yule msichana lilikuwa jipya. La mto halikuwahi kuchorwa kwenye mkono wa mtu yeyote, na mkono wake mwenyewe aliuacha mtupu.